Boksi la Spika Mbili na Gitaa Lenye Tumbo

Ilianza Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga shule, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua kwa sababu juu ya kaunta ya lile duka la vyombo vya muziki la Kasulu kulikuwa na saa ya ukutani, na mimi nikiwa na aibu huwa naangalia saa ili nisiangaliane na watu.

Mjomba, kaka yake Mama, alisimama mbele yangu mikono kiunoni kana kwamba mnunuzi ni yeye. Mimi nilikuwa nyuma yake nimekumbatia gitaa langu kavu, lile la mbao lenye tundu tumboni, lisilohitaji umeme. Nililibeba kutoka Kibondo kwa sababu asubuhi alisema, "Libebe tu, huwezi kujua." Sasa naona kwamba yeye alikuwa anajua.

Nieleze tulikuwa tumefuata nini. Kwaya ya kanisani kwetu ilipata gitaa jipya la umeme, na Mjomba, ambaye ndiye mpiga besi wao, akaniletea lile la zamani. Nilifurahi nikashindwa kula. Lakini gitaa la umeme bila amplifaya ni sawa na kukwaruza kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa najisikia mwenyewe, tena kwa shida. Na mimi sipigi kanisani. Wameniomba mara nyingi, nasema nina mafua. Napigia nyumbani, sebuleni, na msikilizaji wangu ni mmoja tu: Bibi, mama yake Mama.

Bibi alivuka kutoka Burundi zamani, Mjomba amemshika mkono, Mama yuko mgongoni. Babu sikumkuta. Nasikia alikuwa anapiga inanga, ule ubao mpana uliochimbwa kama sinia na kupitishiwa nyuzi juu. Bibi anasema inanga haipigiwi umati. Mpigaji anaimba kwa sauti ya chini, karibu na mnong'ono, na anayetaka kusikia ndiye anasogea. Ndivyo alivyokuwa anafanya na mimi. Jioni nikianza kupiga, anavuta kigoda chake, anasogea, anasogea tena, mpaka goti lake linagusa tumbo la gitaa. Nilikuwa najibana kidogo kumpa nafasi. Nilidhani ni mapenzi ya bibi tu.

Mwaka huu masikio yake yalipungua. Unamwita akiwa hapo hapo, anaendelea kuchambua maharage. Ndipo nikapata wazo la amplifaya. Nikajiambia nitampigia kwa sauti kubwa, asikie kila uzi, kabla masikio hayajafunga kabisa. Mama aliuza maharage, akanipa hela na onyo moja: "Usininunulie kitu cha kujionyesha."

Dukani muuzaji alitoa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ukubwa wa ndoo ya kuogeshea mtoto, amplifaya na spika vimo kwenye boksi moja. Akachomeka gitaa la majaribio, akanipa. Nikapiga taratibu, nimeinamisha kichwa. Ilikuwa na sauti laini, ya kujaza sebule yetu na kuishia mlangoni, na ukiipunguza bado unasikia vidole. Niliipenda pale pale. Na hela ya Mama iliitosha.

Sasa pale dukani kulikuwa na vijana watatu wa kwaya kutoka Rungwe Mpya, wamefuata maiki. Mmoja akasogea akaiangalia ile ndogo.

"Dada, hiyo ni ya kupigia au ya kuchajia simu?"

"Muache bwana," mwenzake akasema, "ana kwaya ya vifaranga."

Wakacheka, na muuzaji akacheka, na Mjomba akacheka kuliko wote. Haikuwa dharau, nakiri. Ni utani wa dukani. Lakini mimi uso ulikuwa unawaka, natafuta ile saa na siioni.

"Kwani binti unapigia wapi?" muuzaji akauliza.

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa neno moja. Nyumbani. Nililipata kabisa, lilifika hadi kwenye meno. Mjomba akaniwahi.

"Anapigia kote, nyumbani na kanisani. Hebu tutolee ile yenyewe."

Ile yenyewe ilitolewa na watu wawili. Amplifaya peke yake, nzito kama tofali la barafu, na chini yake boksi la mbao nene lenye spika mbili kubwa, limevikwa kitu cheusi kama zulia, kona zake za chuma. Mjomba akalipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikapiga uzi mmoja tu, ule mnene, na nguo zangu zikatikisika. Wale vijana wakasogea.

"Hapo sasa!" akasema yule wa simu. "Kumbe dada ni moto."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita moto. Shuleni naitwa "yule wa dirishani". Nikapiga tena, vitu ambavyo hata Bibi havijui, vya kuwaonyesha wao. Nikijiuliza leo nilimchagulia nani lile boksi, jibu silipendi. Siku ile nilijiambia ni la Bibi, kwa sababu ni kubwa, na masikio yake ni madogo.

Hela haikutosha. Muuzaji akatazama mikono yangu.

"Na hilo kavu? Likiongezeka hapo, tumemalizana."

"Mpwa wangu," Mjomba akasema, "ukishakuwa na umeme, hilo la nini tena?"

Nikasema, "Sawa."

Nilisema kwa sauti ndogo mpaka muuzaji akainama, "Eti?" Yaani nilipewa nafasi mbili. Nikasema sawa mara ya pili, na hiyo ikasikika vizuri.

Tulirudi Kibondo na pikapu ya rafiki yake Mjomba, mfanyabiashara wa maharage, boksi limefungwa kamba kati ya magunia. Njia nzima Mjomba alikuwa anapanga. "Jumapili zenye ugeni, si tunaliazima tu. Wewe nyumbani, sisi kanisani, mali ni ya familia." Nikaitikia. Mapaja yangu yalikuwa mepesi, hayana kitu cha kubeba.

Jioni kulikuwa na umeme. Soketi yetu ya sebuleni ni moja, iko kwenye kona anayokaa Bibi, kwa hiyo boksi likakaa pale na kigoda chake kikasogezwa mlangoni. Nikachomeka. Mama akaja anafuta mikono, Mjomba akakaa kama mgeni rasmi, na Bibi akavuta kigoda chake kama siku zote, akanisogelea, akaleta goti. Gitaa la umeme ni jembamba, halina tumbo. Goti lake lilitafuta, likagusa ukingo, likaondoka. Akaleta kiganja, nacho kikaondoka.

Nikaanza ule wimbo wa kubembelezea mtoto alionifundisha mwenyewe. Vikombe vya kabatini vikaanza kugongana. Jirani yetu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara, akapaza sauti juu ya ua: "Jamani majirani, harusi ni ya nani? Mbona kadi hatujaona?"

"Njoo tu, Mwalimu, chakula kipo!" Mjomba akajibu, anacheka.

Mimi nilikuwa namwangalia Bibi. Nilingoja uso wake ufunguke. Akaligeukia boksi, akaliangalia kama mtu anayemfokea bila sababu. Akaziba sikio moja. Halafu akanyanyuka, akapita katikati yetu, akaenda jikoni.

Mama alimfuata. Akarudi. "Anasema linamgonga kichwa. Anasikia kishindo, wimbo hauoni."

Nikapunguza, nikamwita. Akaja, akakaa. Sasa hakusikia chochote. Nikaongeza kidogo, akakunja uso. Kati ya kutosikia na kuumia hapakuwa na mahali pa kusimama. Nilizungusha kile kitufe mbele na nyuma mpaka vidole vikalowa jasho.

"Mwananje," Bibi akaniambia kwa upole, yaani mwanangu kwa Kirundi chake, "acha hili. Lile lenye tumbo liko wapi?"

Nikamtazama Mjomba. Mjomba akawa anaangalia waya.

"Limebaki Kasulu, Bibi."

"Eh?"

"Limebaki Kasulu."

"Sisikii, mwananje."

Mimi sijawahi kupiga kelele ndani ya nyumba ile. "LIMEBAKI KASULU! TUMELIACHA DUKANI!"

Nadhani hata Mwalimu alisikia ng'ambo ya ua. Bibi akatikisa kichwa taratibu. Akajigusa goti.

"Lilikuwa linaingilia hapa," akasema. "Huku," akagusa sikio, "lilishaacha kuingia tangu tulipopanda mahindi."

Mama akakaa chini. Mimi nilibaki na gitaa mapajani. Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa napigia goti. Ulikuwa wimbo mzima, unapita kwenye mbao mpaka kwenye mfupa, na mimi nikidhani anataka kukaa karibu nami tu. Na nikaenda mbali, nikatoa ile mbao, nikaleta kishindo.

Mjomba alipiga simu pale pale, akaweka sauti ya nje. Muuzaji akacheka kwanza.

"Lile kavu? Ndugu yangu, lingekaa? Wale vijana wa Rungwe Mpya wameondoka nalo. Walilitolea macho tangu mnaingia."

Mjomba akazima simu. "Pole, mpwa." Alimaanisha, na habari za kuliazima boksi hakuzitaja tena. Nikamwambia hamna shida. Shida ilikuwepo, imekaa kwenye kona na kona zake za chuma. Ningesema "nyumbani" tu, neno moja, mbele ya vijana ambao sitawaona tena, ile ndogo ingekuwa hapo na lenye tumbo lingekuwa mapajani kwangu.

Asubuhi yake, Jumapili, nilitoka chumbani kabla ya maandalizi ya kanisani. Bibi alikuwa sebuleni, amesimama mbele ya kona yake. Akaliangalia boksi, akaliangalia kigoda huko mlangoni, akavuta khanga yake, akakalia boksi.

"He! Mama umepata kiti cha enzi," Mama akasema, anapita na sufuria ya chai.

Mimi nikakumbuka vikombe, jinsi boksi lilivyovitikisa. "Bibi, usinyanyuke," nikamwonyesha kwa mikono. Nikawasha. Nikapunguza sauti mpaka ikawa haifiki dirishani, nikakaa sakafuni miguuni kwake, nikapiga ule wimbo wa mtoto kwenye nyuzi nene tu, polepole.

Bibi akatulia. Akashusha viganja, kimoja huku kingine huku, akalishika boksi ubavuni. Nikaona kidole chake kinaanza kugonga.

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Kawimbo kako huku chini."

Akafumba macho, akaanza kuimba kwa ile sauti ya mnong'ono. Nikainua kichwa. Haukuwa wimbo wangu. Mapigo yalimfika, lakini wimbo ulipotea ndani ya zile mbao nene, naye akachukua mwingine wa kwake, wa zamani, ambao sijawahi kuusikia. Lenye tumbo lisingempoteza namna hiyo.

Niliacha kupiga. Yeye hakuacha. Basi nikauacha wangu, nikaanza kuutafuta wake kwenye nyuzi, nakosea, narudi, nakosea tena, mpaka kengele ya pili ya kanisa ilipolia na Mama akaja kusimama mlangoni, ameshika viatu vya Bibi.