Hodi Redioni

Fundi redio wa hapa kambi ya wakimbizi ya Juru hulamba kidole kwanza ndipo azungushe kitufe cha redio, kama mtu anayefunua kurasa za Biblia. Chuma chake cha kulehemu hukipasha moto kwenye jiko la makaa, na vidole vyake vimejaa alama nyeusi za kuungua. Akishamaliza redio za watu, huvuta ile yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akauweka mshale kati ya stesheni mbili, pale panapovuma tu, ambapo watu husema wafu husikika. Simu ya zamani huiweka pembeni irekodi, kisha husema polepole, "Hodi, Viviane." Ndiye mke wake, walipoteana siku ya kukimbia vita kule kwetu Fizi, na mpaka leo hajui kama yu hai. Hupiga hodi tatu, kama mlangoni kwa watu, na asipojibiwa huzima, akanawa mikono na kula vizuri.

Jana mimi, jirani yake, nilimwambia, "Baba, Neno la Mungu linakataza kuita wafu."

"Siko naita aitike, mama. Nabisha nijue kama hayuko kule kwao."

Akabisha. Kwenye hodi ya tatu, sauti ya mwanamke ikaitika ndani ya ule mvumo. Fundi akaegemeza sikio kwenye redio; nikamshika bega. Sauti ikakaribia, ikanyooka: Kinyankole, lugha ya wenyeji wa huku, tangazo la sabuni kutoka stesheni ya Mbarara.

"Sabuni!" akasema, machozi yakimtoka. "Mama, ni sabuni tu!"

Nikasema Amina, kwa sauti kubwa kuliko ya kanisani.