Geji ya Boila ya Al-Malqa

Boila ile niliichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Ilikaa kwenye kichumba cha juu ya paa, katika jumba la mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, nilikofanya kazi za ndani, na kazi yake ilikuwa kusukuma maji moto kwenye vyuma vilivyofungwa ukutani kila chumba. Watu wakisikia Riyadh hufikiria jua tu. Januari ya kule nusura initoe vidole nikianika nguo.

Ugonjwa wake ulikuwa presha. Mshale wa geji ulitakiwa usimame kwenye moja na nusu. Kila baada ya siku mbili tatu ulikuwa umeshuka karibu na sifuri, boila imejizima, na Hajja, mama mzazi wa bosi, amejifunika mablanketi matatu akiniita. Basi mimi huyo ngazini, nafungua koki ya kujazia maji, mshale unapanda, nafunga. Kesho kutwa ni yale yale.

Ingekuwa ni kupanda ngazi tu ningevumilia. Lakini shule zilikuwa karibu kufunga na familia ilikuwa inakwenda Jeddah kwa wiki moja. Dada yangu mkubwa alifanya kazi Jeddah, na mkataba wake ulikuwa unaisha wiki hiyo hiyo, anarudi Mombasa kabisa, kupitia Nairobi. Miaka mitatu tulikuwa nchi moja bila kuonana. Ndani ya miaka hiyo mama yetu alifariki, akazikwa, na kila mmoja wetu alipata habari akiwa amesimama kwenye jiko la watu. Nilitaka kumshika dada yangu mkono, hata kwa saa moja.

Hajja hakuweza kusafiri. Binti yake angetoka Malaz, mtaa mwingine wa Riyadh, kuja kukaa naye, lakini alishasema yeye paani hapandi. Kwa hiyo madam, mke wa bosi, akanipa sharti: boila ikipona, nakwenda nao Jeddah. Isipopona, nabaki kuijaza maji.

Nikampigia dada. "Presha imeshuka tena," nikamwambia.

"Yako ama ya Hajja?"

"Ya boila!"

"Wallahi nilikuwa nishaanza kukuombea dua. Basi ita fundi, mdogo wangu, siku zenyewe zinaisha hizi."

Fundi wa kwanza alikuja, akajaza maji kama ninavyojaza mimi, akasema halas, yaani basi, imekwisha, akaondoka. Siku ya tatu mshale chini. Wa pili akasema bomba limepasuka chini ya sakafu, inabidi marumaru ivunjwe sebuleni. Madam aliposikia marumaru akanigeukia mimi.

"Wewe unafungua vibaya! Kila siku mushkila, na kila siku ni wewe uko huko juu!"

Aliyenituma huko juu ni nani? Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimempisha mpaka nimebanwa ukutani.

Nikaanza kuitafuta mwenyewe, kwa hasira. Nilipitisha karatasi ya chooni chini ya kila chuma cha chumbani, kwenye kila kiungo. Kavu. Nilipapasa sakafu kwa viganja nikitafuta unyevu. Kavu. Kama maji hayamwagiki popote, yalikuwa yanakwenda wapi?

Siku moja mchana, nikikunja mashuka paani, niliona alama nyeupe kwenye saruji, ya chumvichumvi, kama inayobaki ndani ya birika. Juu yake kulikuwa na mdomo wa bomba jembamba linalotoka kwenye boila. Pakavu kabisa. Nikakumbuka mashuka ninayoyaanika Riyadh: nikifika mwisho wa kamba, la kwanza limeshakauka. Hapa ndipo maji yalipokuwa yakitokea, na jua na upepo vinayanywa kabla mtu hajapanda ngazi.

Nikatega chupa tupu ya maziwa pale. Boila ilipowaka, nikakaa chini nikiitazama. Maji yalipopata moto, mshale ukapanda, ukapita mbili, ukaingia kwenye nyekundu, na bomba likaanza kutema. Chupa ikajaa nusu. Boila ilipopoa, mshale ukaanguka.

Pembeni palikuwa na tangi dogo jekundu lenye kidude chini yake kama cha kupulizia tairi la baiskeli. Nikakibonyeza kwa ukucha nikitegemea hewa. Yakanirukia maji meusi usoni.

Nilimpelekea bosi ile chupa na uso wangu mchafu. Akamwita fundi wa tatu, Mmisri mmoja mtu mzima, akabonyeza kidude kile kile akacheka. Mpira wa ndani umetoboka, alisema, hewa imekwisha, maji yakitanuka hayana pa kwenda. Akafunga tangi jipya. Siku ya kwanza mshale ukasimama. Ya pili ukasimama. Ya tatu nikapanga nguo zangu kwenye mkoba.

Madam alinisifia mbele ya mumewe wakila chakula cha asubuhi. "Shatira," alisema, yaani hodari. "Mafundi wawili hawakuona, huyu ameona." Kisha akaninyooshea kikombe nimwongeze chai. "Ikiharibika tena sisi tuko Jeddah, huyu anayetoka Malaz atajua nini? Wewe ndiye unayeijua. Utabaki."

"Madam, ulisema ikipona nakuja."

"Halas."

Bosi aliendelea kuchovya mkate wake. Nilimimina ile chai bila kumwaga hata tone, na mpaka leo najilaumu kwamba sikuimwaga.

Dada alinipigia asubuhi ya safari yake, yuko uwanja wa ndege wa Jeddah. Mimi nilikuwa paani, nimetumwa kusoma geji.

"Imesimama wapi?" akauliza.

"Moja na nusu."

"Ungeiacha tu ife, mdogo wangu."

"Nilidhani nikiitengeneza ndiyo nitakuja."

Nilisikia matangazo ya ndege nyuma yake, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Halafu akasema neno moja tu, "Mama," na hapo ndipo tulipomlilia, sisi wawili, mpaka wakaita abiria wa Nairobi.