Ndoo ya Kwanza

Daktari alimruhusu mama kutoka hospitali huku akiniangalia mimi, si yeye. Kifua chake, alisema, hakitastahimili baridi nyingine. Asioge maji ya baridi, na asirudi kwake Mtae mpaka kipupwe kiishe. Mama, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akiwa amekwisha kufunga kanga zake, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, baba?" akamwuliza kwa adabu kabisa.

Alikuwa akiishi peke yake kule Mtae, juu kabisa mwisho wa milima, tangu baba afariki. Majirani walimkuta jikoni, amejikunja kando ya mafiga yaliyozimika, homa imempanda hata hajitambui. Wakampandisha kwenye lori la kabichi, juu ya magunia, akaletwa Lushoto kwa barabara ile ambayo hata mzima hushuka akiwa na maumivu ya mgongo. Nimonia ya pande zote mbili. Daktari aliniambia faragha kwamba akisafiri tena vile katika hali ile, hatafika. Maneno hayo niliondoka nayo hospitali pamoja na dawa.

Basi nikaapa kwamba mama atakaa kwangu, na atakaa kwenye joto. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka yetu ya Lushoto, ambayo miaka michache nyuma tuliyapangia foleni kwa kipande cha sabuni, sasa yalikuwa na redio, betri na biskuti zenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Mfanyabiashara mmoja alileta kutoka Tanga hita za maji zilizokwisha kutumika, nyeupe, za mviringo, za kutundikwa ukutani. Nilinunua moja, nikaweka na bomba la mvua bafuni. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Mzee mmoja aliuliza moshi wake unatokea wapi.

Mimi mwenyewe sikuihitaji. Asubuhi zote za ndoa yangu nilikuwa nikiingia bafuni nakuta ndoo yangu ya maji ya moto imetengwa, na kabla ya ndoa ilikuwa vivyo hivyo kwa mama. Hita ilikuwa ya mgonjwa.

Siku ya tatu, mama alitoka kuoga alfajiri, kabla ya swala yake, midomo imebadilika rangi. Nilimkuta ukumbini, amejifunika blanketi juu ya kanga mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji yalikuwaje?"

"Si haba."

"Yalikuwa ya moto?"

Akafikiri. Mama hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa jambo dogo. "Yana mpeho kidogo," akasema, kwa Kishambaa chake. Mpeho ni baridi, na akisema kidogo ujue ni nyingi. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu cha chini.

Jioni niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja bafuni, nikafungua bomba la mvua na kutia mkono. Nusura niungue. Nikaita mke wangu aje aone. Akatia kidole, akakitoa haraka, akaniambia, "Sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuwa kwamba kesho yake alfajiri mama alitoka tena akitetemeka.

Nikaanza kuitafuta ile baridi kama mtu anayetafuta mwizi. Kwanza nilimshuku mke wangu: lazima anazima swichi usiku kwa kuogopa bili ya umeme. Akaapa kwamba hajaigusa. Sikumwamini. Nikabandika kipande cha karatasi juu ya swichi ili atakayeigusa aichane, na asubuhi karatasi ilikuwa nzima na taa nyekundu inawaka. Sikumwomba radhi, na yeye siku mbili akanipa chakula bila kusema karibu. Kisha nikaushuku umeme wenyewe, kwamba alfajiri unakuwa mdogo. Lakini balbu ya ukumbini ilikuwa inang'aa. Kisha nikalishuku bomba linalopita nje uani, maana maji yetu yanatoka chemchemi ya mlimani na mwezi wa saba ukiyanywa meno yanauma. Nikalifunga bomba lote kwa magunia na majani makavu ya mgomba. Jirani akapita, akasema ameishi miaka hamsini duniani na hajawahi kuona bomba lililovaa koti. Sikucheka. Kikohozi cha mama kilikuwa kinazidi kushuka kifuani, na kila kilivyoshuka na mimi nilishuka nacho.

Kazini napo hapakukalika. Nilikuwa karani katika shirika la umma lililokuwa likingoja mnunuzi. Kila juma walikuja wageni na makabrasha, wakipita ofisi kwa ofisi, wakitutazama kama watu wanaochagua mbuzi mnadani. Tuliambiwa watakaobaki ni wachache. Kwa hiyo kila asubuhi nilivaa shati lililopigwa pasi, nikafika kabla ya saa moja na nusu, nimeoga, nimenyoa, ninanukia sabuni. Nyumbani nililisema jambo hilo kila siku, mezani, mbele ya mama: wanamtazama hata mtu alivyonyoa ndevu.

Jambo moja tu lilikuwa likinifariji. Ile ndoo yangu ya asubuhi ilikuwa imezidi kuwa nzuri. Nilikuta maji ya moto hasa, yamefunikwa sinia, na ndoo yenyewe imeviringishwa kanga kuukuu ya rangi ya kahawia ili joto lisitoke. Mke wangu hakuwahi kufanya hivyo miaka yote. Nikajua ndiyo njia yake ya kumaliza ugomvi wetu wa swichi, nikajisifu moyoni kwamba nimeoa vizuri. Kumwambia asante? Sikumwambia. Ndoo ya maji ilikuwa kama ugali mezani, inakuja.

Fundi alikuja Jumanne. Alikuwa kijana mpole mwenye koleo na tochi, aliyejifunza kazi kwa wamisionari. Akafungua kifuniko cha hita, akabadilisha kidude kinachopima joto, akasafisha tope na majani mawili makavu, akaondoka. Jumatano na Alhamisi mama alitoka na baridi ile ile. Alhamisi jioni nikamwita tena, nikiwa nimekasirika hata kabla hajafika.

Akafungua maji. Yakatoka na mvuke.

"Kaka, hita hii ni nzima," akasema. "Ila ni ndogo. Inabeba ndoo moja na ushee tu. Ukichota, maji ya mlimani yanaingia kujaza nafasi, inabidi usubiri kama saa nzima yapate moto tena. Asubuhi, nani anachota kabla ya mama?"

"Hakuna mtu," nikamjibu.

"Una hakika?"

"Nimekwambia hakuna! Mama ndiye wa kwanza kuamka katika nyumba hii. Mimi naletewa maji yangu, mke wangu ananichemshia kwa mkaa. Hakuna anayeigusa hita."

Fundi akakunja waya wake taratibu. "Basi, kaka, mimi kwenye hita sioni ugonjwa."

Maneno hayo yalinichoma. Kama hita haina ugonjwa, na umeme hauna, na bomba halina, basi aliyebaki ni mama. Nikaanza kukumbuka mengine. Kwamba tangu afike alikuwa akiulizia kuku wake. Kwamba juzi alimwambia mke wangu nyumba yetu ya saruji ina baridi ya kaburi, heri jikoni kwake kwenye moto wa kuni. Na kwamba usiku huo huo wa Alhamisi, tulipokwisha kula, alitangaza kwamba kesho atapanda basi la Mtae.

"Daktari alisema nini, mama?"

"Alisema nisikae kwenye baridi. Hapa ni baridi. Kwangu kuna moto."

Hapo ndipo hasira ya siku kumi ilipotoka, na ilitoka kwa mtu asiyestahili. Nilisema, "Mama, kama unataka kurudi kwako sema unataka kurudi. Usiyasingizie maji. Maji ninayaona mwenyewe kila jioni, yanaunguza!"

Mke wangu aliinamisha uso. Mama alinitazama, wala hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sijasingizia, mwanangu. Uliniuliza, nikakujibu."

Akainuka akaenda kulala. Nyuma ya ukuta nikamsikia akikohoa. Nilitaka kwenda kumwomba msamaha, lakini mimi nina kichwa kigumu, nimekirithi kwake, nikabaki nimekaa.

Ijumaa alfajiri nilimtuma jirani aniombee ruhusa ya kufika kazini mchana ili nimsindikize mama kituoni. Asubuhi nilioga kwa ndoo yangu kama kawaida. Nikaitandua kanga, nikaondoa sinia, mvuke ukanipiga usoni. Nilioga nikimhesabia mama saa za njiani: kona zile za juu, vumbi, dirisha la basi lisilofunga. Nilipotoka nilikuta kapu lake liko mlangoni limekwisha kufungwa, na yeye amevaa kandambili za safari, anamuaga mke wangu.

"Hukusahau kitu?" mke wangu akamwuliza.

Mama akajipapasa, akafungua kapu, akahesabu nguo zake kwa vidole. "Kanga moja bado," akasema.

Akatupita. Akaingia bafuni ambako nilikuwa nimetoka sasa hivi, na akatoka ameshika ile kanga ya kahawia, anaikunja.

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama. Mdomo wake ulifunguka kidogo, na nikaona kwamba na yeye alikuwa hajui.

"Ndoo yangu," nikamwambia, "si wewe unayenitengea?"

"Mimi? Tangu hita ifungwe sijachemsha maji. Naamka nakuta ndoo yako iko bafuni. Nilidhani unajikingia mwenyewe."

Nijikingie mwenyewe! Mimi! Nilimgeukia mama. Alikuwa bado anakunja kanga, pindo kwa pindo, kama mtu ambaye hayamhusu.

"Mama, ni wewe?"

"Ni nini?"

"Unachota maji ya moto unaniwekea mimi. Halafu wewe unaoga yanayobaki."

"Bomba lako lina moto wa ndoo moja," akasema. "Nililiona siku ya kwanza. Na ndoo ya kwanza ni ya anayetoka. Mimi natoka niende wapi? Wewe unakwenda kwa watu wanaokutazama hata ndevu."

Alisema bila kunilaumu, akinieleza kitu ambacho mtoto yeyote wa Mtae anakijua. Na kweli nilikuwa nakijua. Nilikulia humo. Baba yangu akienda shamba au mnadani hakuwahi kutoka na mwili wa baridi, maji yake yalitangulia kabla ya ya mtu mwingine yeyote, na mimi nilipoanza shule nikawa wa pili. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza mama alikuwa anaoga nini. Siku kumi nzima nilikuwa nimetafuta joto lake kwenye swichi, kwenye waya na kwenye bomba la uani, na kila asubuhi nilikuwa nimelimwaga mwenyewe mgongoni mwangu nikipiga mluzi.

Niliona aibu ambayo sijui kuieleza. Niliingia bafuni na nguo zangu mwilini, nikafungua upande wa baridi wa bomba la mvua nililoliweka na ambalo sikuwahi kusimama chini yake hata siku moja, nikatia kichwa. Maji ya mlimani yalinishika utosini mpaka nikapiga kelele. Mama akaja mlangoni.

"Una wazimu? Utapata mafua!"

"Haya ndiyo uliyokuwa ukioga?"

Akanyoosha mkono, akafunga bomba.

"Mama," nikasema, maji yananichuruzika shingoni, "fundi amesema hita ikiachwa saa moja inapata moto tena. Wewe unaamka saa kumi na moja. Mimi naoga saa kumi na mbili na zaidi. Ukianza wewe, kila mtu ana ya moto. Ni zamu tu."

"Na siku usipopata moto?"

"Siku hiyo nitaoga baridi."

"Mtu wa kazi?"

"Mtu wa kazi. Nisamehe na maneno ya jana. Usiende."

Barabarani, kule chini, basi lilikuwa linapiga honi likikusanya abiria, na mimi nilikuwa nimesimama na shati lililolowa, mtu mzima mwenye watoto wawili shule ya bweni, ninasubiri mama aseme. Mke wangu alikuwa ameweka mguu wake mbele ya kapu, taratibu, asionekane.

Mama akaifunua ile kanga aliyokwisha kuikunja, akaishika katikati ya viganja vyake. Ilikuwa imenyonya mvuke wa siku nyingi, na asubuhi ile ilikuwa mbichi.

"Kanga mbichi haifungwi kapuni," akasema. "Itanuka."

Akatoka nayo uani, kwenye ukungu, akaitandaza kwenye kamba na kuibana kwa vibanio viwili. Mwezi wa saba kwetu kanga hukauka baada ya siku tatu. Basi likapiga honi mara ya mwisho, likapita chini ya nyumba, likashika njia ya Mtae.