Uji Mwekundu wa Bibi Kirsten

Juzi niliona matunda madogo mekundu ya kiangazi dukani mtaani kwetu Auderghem, kichefuchefu kikanirudia. Nilipokuwa mdogo, Bibi Kirsten, jirani yetu kutoka Denmark, aliyapika uji, akaupoza, akaumwagia krimu yenye harufu ya ng'ombe aliyelowa. Uliteleza kama kamasi. Akataka nilitamke jina la uji huo kwa lugha ya kwao: *rødgrød med fløde*, yaani uji mwekundu kwa krimu, maneno ya kukwaruza kooni. Nilijaribu mara tatu, akatikisa kichwa tu.

Mama alinikazia jicho nile, maana kwa watu hukatai chakula. Nikameza kijiko kimoja, kikapanda tena kooni, na katika kujizuia nisitapike nikalitamka lile jina sawasawa.

"Hapo sasa," Bibi Kirsten akapiga makofi.

Nikaamini Wadenmark wote huongea wakijizuia kutapika.

Mama akanisogezea bakuli lake, halijaguswa. "Malizia na hili, mwanangu. Naona umeupenda."