Uzito wa Maji ya Uani

Kwenye bohari ya mafuta madereva walimwita Mama Kijiti, kwa sababu ya fimbo ya shaba aliyoitumbukiza katika kila tangi la lori kabla halijatoka getini. Alisoma kina, akapata ujazo. Ujazo akauzidisha kwa uzito wa dizeli, akapata tani. Lori lililozidi halikutoka.

"Mama Kijiti, nipunguzie hata kilo mbili," dereva mmoja alizoea kumtania. "Mke wangu ananinyima chakula, mwenyewe nimeshapungua."

"Basi ukae wewe juu ya mzani, dizeli iende zake."

Nyumbani mzaha uliishia mlangoni. Uani, chini ya udongo, kulikuwa na tangi la chuma la maji ya mvua, alilolifukia mumewe kwa mikono yake. Siku alipoingia ndani kulipaka rangi ya kuzuia kutu, mvuke wa rangi ulimlevya, na alipotolewa alikuwa amekwisha kukata roho. Tangi likafunikwa likiwa tupu. Nani angekunywa maji yake?

Mvua zilipoanza, likagonga. Du. Kimya. Du.

Mama mkwe akahamishia mkeka wake kwenye ukuta wa uani. Kila lilipogonga aliitikia, "Karibu."

"Ni yeye," alisema. "Tangu utoto hajui kubisha hodi taratibu."

Mama Kijiti hakumpinga, ila alijua kinachogonga. Maji ya ardhini yalipanda yakalizunguka tangi, na tangi tupu husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo nafasi yake limeichukua. Kila liliposukumwa liligonga msingi wa ukuta wa nyumba, nao ulikwisha kupata ufa. Tangi likiinuka lingeung'oa, na nyumba ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Nitalitia maji, Mama, lipate uzito."

Mama mkwe alimkazia macho. "Yumo ndani, nawe unataka kumfungulia bomba?"

Mama Kijiti akaenda kulipima tangi. Urefu mita tatu, upana mbili, kina mbili: mita za ujazo kumi na mbili. Alikokotoa kichwani, upesi, kama kazini. Akatoa uzito wa chuma na wa mfuniko wa zege, akaacha mpira wa maji umimine hadi kijiti kilipolowa pale alipotaka. Kandokando ya ufa akachora alama za penseli.

Tangi likanyamaza. Mama mkwe naye akaacha kula. Alikaa na sikio ukutani, sahani ikipoa pembeni, wala hakumlaumu mtu. Mama Kijiti mwenyewe alijikuta akipita uani kwa kunyata, kama anayeogopa kukosa kuitwa.

Kisha, alasiri ya mvua kubwa kuliko zote: du. Kidogo sana.

"Umesikia?" Mama mkwe alicheka hadi machozi. "Siku hizi anabisha kistaarabu! Niletee chai, mwanangu."

Mama Kijiti alichukua penseli. Hesabu yake haikuwa na desturi ya kukosea. Akairudia polepole, akaliona kosa: mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umeyapa maji yote, ya nje na ya ndani, uzito wa dizeli, iliyo nyepesi, na chuma na mfuniko vikaonekana kama vinalemea zaidi. Tangi lilipungukiwa nusu tani, maji ya kina cha kiganja kimoja.

Akachukua mpira, akasukuma mfuniko, akainama. Rangi ya mumewe iliishia katikati ya ukuta wa chuma, mahali brashi ilipomponyoka, na mchirizi wa mwisho ulikuwa umepinda kuelekea chini. Maji yalisimama chini yake kidogo tu. Kiganja kimoja zaidi, yangeufunika.

Alikaa pale, mvua ikimpiga, mpira ukichuruzika miguuni. Kisha akaenda kuutazama ufa. Haukuwa umevuka alama hata moja.

Akafunga bomba, akarudisha mfuniko, akaleta chai.

"Sogea kidogo, Mama."

Walikaa wameegemea ukuta, bega kwa bega. Chini ya ua likagonga.

"Karibu," mama mkwe akaitikia, na safari hii sauti zilikuwa mbili.