Matundu ya Sanduku la Betri

Enzi zetu pale Kongwa, Mwingereza alipokuwa analima karanga, hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Matrekta yalitutosha, na vumbi lake. Siku moja ikaletwa karakanani nyumba yenye magurudumu. Lilikuwa tela la kuvutwa na gari, lakini ndani lilikuwa na kitanda, meza na dirisha lenye pazia! Bwana mpima ardhi alitaka kulala humo porini, tena kwa taa ya umeme. Kazi hiyo akapewa baba yangu, fundi betri.

Mimi nilikuwa binti mdadisi, na Mama alishachoka na maswali yangu, hivyo nilimhamia Baba. Alitengeneza sanduku la mbao mbele ya tela, nje ya chumba, akafunga betri mbili kwa mikanda zisirukeruke njiani, kisha akatoboa matundu mawili upande wa nyuma, moja chini na moja juu.

"Ya nini, Baba?"

"Betri ikichajiwa inapumua. Hewa yake ikibanwa, cheche moja tu ikitokea, inalipuka."

Nikaweka pua kwenye tundu. Kuna kiharufu kikali kilinichoma, nikacheka peke yangu. Sanduku linapumua! Baba alikuwa na masharti yake. Ili chuma kisigusane na chuma kikatoa cheche, saa alivua, spana aliizungushia mpira wa tyubu, na waya wa bodi, ule unaofungwa kwenye chuma cha tela, ulitolewa wa kwanza, ukarudishwa wa mwisho. Mpaka leo nayajua kama sala.

Asubuhi moja aliunganisha betri na mashine ya kuchajia, akaenda nyumbani kula ugali wa uwele na mlenda. Nyuma akabaki Bibi, mama yake, aliyekuja kwa miguu kutoka Hombolo kututembelea. Bibi alikuwa amejenga tembe, zile nyumba zetu za udongo, maisha yake yote, na kwake tundu ukutani lilikuwa aibu ya mwenye nyumba, maana nyoka huingia na upepo huingia. Alipoyaona yale matundu mawili alimhurumia mwanawe kwa kusahau. Akakanda udongo na mavi ya ng'ombe, akaziba, akalainisha kwa kiganja mpaka pakapendeza.

Nami nilimshikia kopo la maji. Nilijua anakosea, lakini enzi zetu mtoto kumwambia bibi yake amekosea? Nikamwongezea maji.

Baba akarudi. Akavua saa, akainua mfuniko, akainama na spana yake. Nililia kabla sijasema.

"Baba, usiguse! Matundu yamezibwa!"

Mkono wake ukabaki hewani. Akarudi nyuma taratibu, akaenda kuzima mashine kule mbali, akatusogeza sote. Tulingoja muda mrefu sanduku likiwa wazi, hewa ile itoke.

"Nani kaziba?"

Nikatazama chini. Bibi akainua viganja vyenye udongo. "Mimi, mwanangu. Nyoka angeingia."

Baba akavishika viganja hivyo. "Ahsante, Mama. Ila hizo ni pua zake. Hata mbuzi ukimziba pua si atakufa?"

Bibi akacheka sana, akazibua mwenyewe kwa kidole, kisha akatega sikio asikie linavyopumua. Baba alipoiwasha taa ya tela mchana kweupe, Bibi akaizunguka akitafuta moshi unakotokea.

Nilipogeuka, Baba hakuwepo. Nilimfuata nyuma ya karakana, nikamkuta amekaa chini, mikono inatetemeka hata kikombe cha maji hakishikiki. Sikuwahi kumwona hivyo, nikaogopa kuliko mwanzo.

"Usimwambie bibi yako," akasema.

Sikumwambia. Alizikwa Hombolo akijua kwamba siku ile alikosea kidogo tu, kitu cha kuchekea.

Leo naishi Majengo na mjukuu wangu. Betri yake ya sola ni ya kuongezwa maji kama zile za Baba, naye ameitia kwenye sanduku uvunguni mwa kitanda, na tundu nililomlazimisha atoboe amelisokomeza tambara, eti vumbi. "Mambo ya zamani hayo, Bibi," ananijibu, macho kwenye simu. Vijana hawa wanajua kila kitu, ila kuuliza. Na laiti bibi yangu angekosea zama hizi, jioni nchi nzima ingekuwa inamcheka kwenye hizo simu.

Basi kila akitoka, napiga magoti kwa tabu, nachomoa lile tambara, nafungua dirisha, kisha naweka pua kwenye tundu na kunusa. Namkumbuka Baba, na mikono yangu sasa inatetemeka kama yake. Mjukuu akirudi, simwambii.