Mpwa Wangu Aliyekataa Kufutika

Mdogo wangu wa kike alimzika mtoto wake wa kwanza kabla hajaota hata jino. Kesho yake, matanga hayajaisha, simu yake ikapokea ujumbe: "Mama, mlete mtoto kliniki apimwe uzito." Ujumbe ule ulitoka kwenye mfumo wa kompyuta ninaoutunza mimi, kaka yake, hapa Tabora mjini.

Mfumo wenyewe niliukuta umeshatengenezwa. Zahanati za vijijini zina vishikwambi, sisi mjini tuna seva, na taarifa za kila mtoto hukaa pande zote mbili. Mtoto akisajiliwa, akiandikiwa uzito mpya, akifutwa, kila tukio lina kijiprogramu kinacholisubiri. Kile cha usajili humtumia mama pongezi, kisha huanza kumwita kliniki. Nikamfuta mpwa wangu kwenye seva, nikampigia mama yake. "Hawatakusumbua tena," nikamwambia.

Mtoto akarudi. Nilipomfuta, kishikwambi cha zahanati yao kilikuwa hakina mtandao, kwa hiyo hakikupata habari. Mtandao uliposhika, kikaona seva haina mtoto huyo, kikampeleka upya. Seva ikampokea kama aliyezaliwa jana, ikamwandikia mdogo wangu: "Hongera mama kwa kupata mtoto."

Nikafuta tena, kishikwambi kikiwa tena nje ya mtandao, akarudi tena. Waliotengeneza mfumo ule hawakuacha mahali pa kukumbuka kwamba fulani ameshafutwa. Kwao kufuta ni kusahau, basi, na walishachukua chao wakaondoka. Niliwatukana peke yangu ofisini kwa maneno ambayo mama yetu angeyasikia angenizaba kofi. Nilipowaandikia, wakanijibu nisubiri toleo jipya. Mimi nilipewa ruhusa ya kufuta tu, sikuruhusiwa kugusa ndani ya programu. Maji yalikuwa yamezidi unga. Usiku nilikuwa naogopa simu ya mdogo wangu kuliko alivyoiogopa yeye mwenyewe.

Ikabaki njia moja: kwenda kumfuta ndani ya kishikwambi chenyewe, baada ya kumfuta kwenye seva. Nikapanda bodaboda, tukala vumbi mpaka zahanati.

Ilikuwa siku ya kupima watoto. Muuguzi alikuwa mgeni, ameletwa kushika nafasi ya aliye likizo. Kwenye benchi, katikati ya akina mama na watoto wao, alikaa mdogo wangu na khanga ya kubebea imekunjwa mapajani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nimeitwa." Akanionyesha simu. "Kila wiki wananiita, kaka. Nikasema labda wenzetu wa zahanati wanajua kitu tusichokijua."

Nilitaka kumwambia kwamba hawajui kitu, hakuna hata mtu huko, ni mashine mbili zinazobishana. Badala yake nikageuka kumwomba muuguzi kishikwambi, lakini alikuwa ameshainua uso kutoka kwenye kioo, akaita jina la mpwa wangu.

Mdogo wangu akasimama.